WITCH Hawakupotea

Ndugu zangu, asanteni. Mlionisikia siku za nyuma mnajua neno lisilonikalia vizuri: "kugunduliwa". Mwaka 2023 bendi ya roki ya WITCH ya Zambia ilitoa albamu ya Zango baada ya kimya cha karibu miaka 40, na karibu kila niliposoma habari zake nilikuta wamegunduliwa. Na nani? Watu wa Kitwe, mji wa migodi ya shaba walikoanzia, waliokuwa wakijaza kumbi 1974 hawakuhitaji mtu wa kuwagundulia Jagari, mwimbaji wao.

Leo naomba tuzungumzie kile kimya. Albamu mtaisikiliza wenyewe. Kimya ndicho hakina wa kukisimulia.

Bendi hizi za roki ziliishi kwa mshahara wa mchimbaji. Mgodi ukilipa, mchimbaji anavaa suruali yake pana, anampeleka mkewe dansini, analipa kiingilio. Kiingilio kile ndicho nyuzi za gitaa, ndicho petroli ya gari la bendi. Shaba ilikuwa ikiletea Zambia zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni. Mwaka 1975 bei ikawa imeporomoka. Kisha vita vya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, vikavuka mpaka: mabomu, taa kuzimwa, amri ya kutotoka nje usiku. Bendi zikaanza kupiga mchana. Dansi la mchana, jamani! Nimewahi kupiga besi saa nane mchana kwenye harusi. Jua linapenya madirishani, mtu anataka kunyanyua mguu, anamwona mama mkwe, mguu unarudi chini. Saa mbili nzima tuliwapigia watu waliokaa. Sasa kaeni hivyo miaka, tena kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya usiku.

Halafu UKIMWI. Ulikipukutisha kizazi kile cha wanamuziki. Katika watano wa mwanzo wa WITCH amebaki mmoja, Emmanuel Chanda, waliyembandika jina la Jagari kwa Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Alikuwa ameshageukia kuchimba vito. Waandishi wanaipenda sana picha ya nyota wa roki mwenye sururu, mimi inaniuma. Mtu yule aliwahi hata kufundisha muziki. Nani alimwuliza habari za nyimbo zake wakati anachimba?

Mtaniambia: mwalimu, hiyo sasa ni WITCH gani, mpiga besi Mholanzi, mpiga drams Mholanzi? Swali hili naulizwa kila ninakokwenda na nitalijibu tena. Bendi yetu ya dansi, NUTA Jazz ya 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Wa zamani tumewazika, wapya wameingia, na bado tunasema twende Msondo. Isitoshe Jagari hakurudi peke yake: yupo Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa WITCH ya miaka ya 1980. Na walirekodi Lusaka, studio ileile ya DB waliyoifanyia kazi enzi zao. Wangeweza kujifungia Amsterdam. Walirudi nyumbani, wakaiita albamu kwa neno la Kikaonde, lugha ya Zambia: zango, mahali pa kukutania. Kwangu hapo ndipo ilipo roho ya kazi hii.

Mkifika nyumbani anzeni na "Waile". Jagari aliutunga 1978, wimbo wa familia iliyotengana. Piga hesabu: miaka zaidi ya 40 mtu anatembea na wimbo kifuani, mgodini nao, kanisani nao. Akiuimba leo, sauti ya kijana wa 1978 haipo, na isingefaa. Utengano ule sasa anaujua.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kueleza jinsi bendi za Zambia, Musi-O-Tunya wakiwemo, zilivyosafiri hadi Nairobi kurekodi, na kuuliza kanda zile mama, zile za kwanza kabisa za kurekodia, ziko mikononi mwa nani. Nalikata. La Sampa the Great, rapa mzaliwa wa Zambia, kuimba kwenye albamu hii pamoja na wazee nalo nalikata, ingawa lilistahili jioni yake.

Ila hili siliachi. Kama una mjomba au baba mdogo aliyepiga muziki miaka ile, usisubiri atoke mtu Ulaya. Nenda kwake wiki hii. Mwulize ana wimbo gani ambao hakuwahi kuurekodi, weka simu mezani, mwache aimbe, hata kama ni jikoni na sufuria zinalia.