Mdogo wangu wa Mbeya, kabla hujakata tiketi

Hamjambo ndugu zangu? Leo nipo jikoni kwangu hapa Houston, mtoto ndiyo kwanza kalala. Kuna mdogo wangu yuko Mbeya, ana mimba ya miezi minne, kaniandikia: "Dada, nataka nije nijifungulie huko, maana hapa tunakufa." Ujumbe huo nimeusoma mara tatu.

Mdogo wangu, hofu yako naielewa. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikadiria kwamba Tanzania ilipoteza akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukaleta 104. Hesabu hizi hutokana na kuwauliza watu nyumba kwa nyumba habari za dada zao, kwa hiyo ni makadirio, lakini kazi iliyofanyika inaonekana kwa macho. Wanaojifungulia kituoni wametoka asilimia 63 mpaka 81. Vituo vya afya vingi sasa vinafanya upasuaji. Na kuna m-mama: unapiga 115 bure, gari linakufuata, hata kama ni la dereva wa kijijini tu, likuwahishe kabla damu haijakuishia njiani.

Huku Marekani, kwa kipimo hichohicho, mwaka 1987 walikuwa wameshuka chini ya 7. Mwaka 2021, korona ikiwa imepamba moto, wakafika 32.9, 2023 wakarudi 18.6. Sehemu ya kupanda huko ni namna ya kuhesabu, kwa sababu vyeti vya kifo viliongezewa swali la kama marehemu alikuwa mjamzito. Bado wako chini yetu kwa mbali, sikudanganyi. Ila wagawe kwa rangi: 2023 wanawake wazungu 14.5, weusi 50.3. Hapo ndipo tunapoingia mimi na wewe.

Mimi nilipojifungua huku, niliruhusiwa kutoka hospitali siku ya pili. Mume wangu akarudi kazini wiki hiyohiyo, maana sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kulipa likizo ya uzazi. Siku ya sita kichwa kikaanza kunigonga, macho yana ukungu. Nikapiga hospitali, nikaambiwa nimeze dawa ya maumivu nipumzike. Mama yangu, mkunga mstaafu, akaniona kwenye simu akasema, "Huo uso umevimba. Pima presha sasa hivi." Ilikuwa 172 kwa 110. Nilirudi hospitali usiku uleule, nikatundikiwa dripu ya kuzuia kifafa. Kumbe kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu hata baada ya kujifungua!

Wamarekani wenyewe walipochunguza vifo vya 2017 hadi 2019, waliona zaidi ya nusu vilitokea kati ya wiki moja na mwaka mmoja baada ya kujifungua. Yaani mama yuko nyumbani, peke yake na kichanga. Sisi tuna arobaini: kuna mtu wa kukukanda, kukupikia uji, na kukutazama usoni kila asubuhi. Mimi niliikosa.

Kwa hiyo ukienda kliniki, muulize nesi: hapa mnafanya upasuaji? Damu ipo? Kama hakuna, mnapeleka wapi? Hiyo 115 iandike kwenye simu ya mumeo. Na kama bado unataka kuja huku, tiketi ya kwanza kata ya mama yako.