Kuunga na kuimarisha kishikio cha beringi ndani ya SolidWorks, hatua kwa hatua

Habari zenu wote, karibuni. Leo tupo kwenye SolidWorks, programu ya kuchora vitu vya 3D kwenye kompyuta, na kazi ni moja tu, hapa kwenye skrini mnaona kuna kitako chini na kuna silinda iko juu inaelea hewani, tunataka hivi viwili viwe kitu kimoja halafu tuweke mbavu, yaani kipande chembamba kilichosimama cha kuimarisha, ili ikibebeshwa shafti isiyumbe. Hiki ni kishikio cha beringi, ukikielewa vizuri hiki basi vishikio vingine vyote vinafuata njia hiyo hiyo.

Vipimo kwanza kabla hatujashika mausi. Kitako kina upana wa 120, kutoka nyuma kuja mbele ni 80, unene 12, zote ni milimita. Nimekiweka ili Right Plane, ile bapa ya kusimama inayogawa kushoto na kulia, ipite katikati kabisa, yaani 60 kushoto na 60 kulia, na hilo msilipuuze kwa sababu mbavu itakaa pale pale. Silinda ina kipenyo cha 50, senta yake iko 80 kutoka chini ya kitako, imeanzia usawa wa uso wa nyuma ikaja mbele 60. Shimo la kati la 30 bado sijalitoboa, nimeliacha makusudi, nitasema kwa nini.

Sasa tazama kushoto kwenye mti wa kazi, kuna folda limeandikwa Solid Bodies na pembeni yake namba 2. Hiyo 2 ndio inayotuambia kwamba kwa macho ya programu hivi ni vitu viwili visivyojuana, na ukipeleka hivyo hivyo kwa fundi atakuuliza silinda inashikiliwa na nini.

Twende na ukuta wa kuunganisha. Kliki uso wa nyuma wa kitako, fungua skechi, yaani mchoro bapa, bonyeza Ctrl pamoja na 8 ili uso ukae sawasawa mbele yako. Kliki ukingo wa silinda halafu Convert Entities, unaona duara limeshuka lenyewe kwenye skechi. Wengi hapa wanachora duara jipya la 50 kwa mkono na kweli linaonekana sawa, lakini siku silinda ikibadilishwa kuwa 60 lile la mkono linabaki 50 na ukuta unakaa vibaya, kwa hiyo jizoeze kuazima kingo zilizopo badala ya kuchora upya.

Chukua mstari, anzia kona ya juu ya kitako, upandishe mpaka uguse duara kwa ubavuni. Ukigusa bila kukata vizuri sana, kama haujakaa hivyo shika Ctrl, chagua mstari na duara, halafu Tangent. Upande wa pili hivyo hivyo. Chini funga kwa mstari unaofuata ukingo wa juu wa kitako. Kisha chukua Trim ukate kipande cha chini cha duara ubakize cha juu. Angalia rangi sasa, mstari wa bluu maana yake bado unalegea, mweusi umeshakaa, usitoke kwenye skechi kuna bluu.

Kwa nini tumebakiza tao la juu na sio la chini? Kwa sababu tunataka ukuta uingie ndani ya silinda, vishikane kwa eneo zima. Vitu viwili vikigusana kwenye mstari mmoja tu programu inakataa, inakuletea ujumbe wa zero thickness na unabaki unazunguka hapo bila kujua kosa liko wapi. Na ndio maana shimo la 30 halijatobolewa, lingekuwa limetobolewa ukuta huu ungeliziba.

Haya, Extruded Boss/Base, kitufe cha kuupa mchoro unene, weka 12, mshale uelekee mbele, na kiboksi cha Merge result kiwe na tiki. Kubali. Rudi kwenye lile folda, 2 imeondoka, sasa ni kitu kimoja.

Kimeungana, ila hakijawa imara. Silinda imetoka mbele 60 na nyuma imeshikwa na ukuta wa 12 tu, ukiweka mzigo kwenye ncha ya mbele ukuta utataka kupinda. Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuongeza unene wa ukuta, mi naomba usianze huko. Chukua rula ya plastiki, ilaze bapa uibonyeze, inapinda kirahisi, halafu isimamishe kwa ukingo uibonyeze tena, imegoma, na rula ni ile ile, plastiki ni ile ile. Kwenye kupinda ugumu unakwenda na kimo kwa kipeo cha tatu, yaani ukizidisha kimo mara 2 ugumu unazidi mara 8, ukizidisha upana mara 2 unapata mara 2 tu. Mbavu ni ile rula iliyosimama.

Sasa tuichore. Chagua Right Plane, fungua skechi, Ctrl na 8. Nenda View, Hide/Show, washa Temporary Axes ili mstari wa katikati ya silinda uonekane. Halafu chora mstari mmoja. Ndio, mmoja tu, sio pembetatu. Ncha ya chini ikae juu ya uso wa kitako, 10 kutoka ukingo wa mbele. Ncha ya juu ikae 5 nyuma ya uso wa mbele wa silinda, na 22 chini ya ule mstari wa katikati. Hiyo 22 ina sababu, nyama ya silinda itakuwa kati ya 15 na 25 kutoka senta, kwa hiyo 22 iko ndani ya nyama, haining'inii nje na haifiki kwenye shimo.

Bonyeza kitufe cha Rib. Unene weka 10, chagua Both Sides ili igawane 5 huku 5 kule, mwelekeo uwe Parallel to Sketch. Tazama mshale, lazima uangalie ndani, kule kwenye ukuta na kitako. Ukiangalia nje programu inatafuta chuma cha kusimamia na haikipati, inatoa kosa, tiki Flip material side utageuka. Kubali, mbavu imejaa yenyewe mpaka kwenye ukuta, kitako na tumbo la silinda. Ukipima kwa Mass Properties kabla na baada, kama umechagua chuma cha kawaida utaona imeongezeka gramu 170 hivi, ni kidogo mno ukilinganisha na ugumu uliopata.

Kama kitu chako ni cha plastiki ya kumiminwa usiige hii 10. Mbavu ya plastiki iwe nusu ya unene wa ukuta au isizidi asilimia 60, ukuta wa 3 basi mbavu 1.5 mpaka 1.8, ikizidi hapo plastiki inachelewa kupoa na uso wa nje unabonyea. Na kitu chochote kinachotolewa kwenye moldi kipe mbavu mteremko wa digrii 1 mpaka 2, kitufe chake kiko humo humo kwenye Rib.

Sasa shimo la kati. Skechi kwenye uso wa mbele wa silinda, duara la 30 senta moja na silinda, halafu Extruded Cut ya kukata, Through All ili ipenye mpaka upande wa pili. Mashimo ya bolti tumia Hole Wizard, bolti M10 inataka shimo la 11, yakae 20 kutoka pembeni na 25 kutoka mbele, kushoto na kulia. Ile pete ya chini ya bolti, washa ya M10, ina kipenyo cha 20, kwa hiyo angalia isipande kwenye mbavu na spana ipate pa kuzungukia. Hapa tuna nafasi.

Mwisho fileti, yaani kuviringisha kona kali, na mwisho kweli, sio katikati ya kazi. Niliwahi kuacha kona kali pale mbavu inapokutana na kitako nikaona ni urembo tu, kishikio kikafanya kazi muda kidogo kikapasuka kuanzia kona ile ile, ufa umenyooka kama umechorwa kwa rula. Nguvu inajikusanya kwenye kona kali. Kwa hiyo anza na radiasi kubwa, 5 kwenye kona ya ukuta na kitako, halafu 3 kwenye kingo zote mbavu inapogusa vingine. Ukianza na ndogo, ile kubwa mara nyingi inagoma pale kingo tatu zinapokutana.

Sasa tuijaribu. Rudi kwenye skechi ya silinda, 80 ifanye 100, Ctrl na B ili programu ijenge upya. Silinda imepanda, ukuta umefuata, mbavu imenyooka mpaka juu na fileti zimekwenda nayo. Kama kwako kuna alama nyekundu kwenye mti, fungua ile ya juu kabisa kwanza, karibu kila mara ni mstari ulioshikwa na kipimo cha mkono badala ya kushikwa na silinda. Rekebisha huo, zingine zinapona zenyewe. Kisha rudisha 80, Ctrl na B tena, sevu faili.