Mapafu ya mtu aliyeungua: kabla ya ekmo na baada ya hapo

Asanteni sana, naona wengi humu ni manesi wa wodi kwa hiyo naongea wazi. Mtu akiungua wote tunakimbilia ngozi, imeungua asilimia ngapi, kumbe moshi aliovuta ndo unammaliza, siku ya tatu mapafu yamejaa maji na oksijeni haipandi hata umuwekee yote. Boston mwaka 1942 klabu ya Cocoanut Grove iliungua wakafa watu 492, na wengi wao moshi ndo uliwaua.

Sasa ekmo, yaani mashine inayofanya kazi ya mapafu nje ya mwili. Mpira mnene unaingia mshipa wa paja, unavuta damu kama lita 4 kwa dakika, inapita kwenye pafu bandia inapata oksijeni inatoa hewa ya ukaa, halafu inarudishwa kwa mshipa wa shingo. Haiponyi pafu jamani, inalipumzisha tu wakati lenyewe linajitengeneza. Mwaka 1975 kule California daktari Robert Bartlett aliokoa nayo kichanga, wakamwita Esperanza.

Kwa aliyeungua shida yake ni damu. Ili isigande kwenye mipira anapewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na huyo huyo inabidi aingie theata akwanguliwe ngozi iliyokufa apandikizwe nyingine, sasa hapo anavuja kila mahali, ndo maana wanapunguza heparini au wanaizima kabisa kwa muda na damu ya kuongeza iko tayari pembeni.

Lakini kinachoniuma ni hiki, wengi wanafikishwa ekmo wakati mashine ya kupumulia imeshayapasua mapafu kwa presha kubwa wiki nzima, na hapo nafasi ya kupona imeshapungua sana. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulionyesha mashine ikisukuma kila pumzi ya mililita 6 kwa kila kilo ya mgonjwa badala ya 12, ilishusha vifo kutoka karibu 40 mpaka 31 kwa kila wagonjwa 100, na hiyo ni kuzungusha kitufe tu, haina gharama! Tena hizo kilo zinakokotolewa kutoka urefu wa mgonjwa siyo mzani, maana aliyeungua kashamiminiwa dripu nyingi kavimba, mzani unadanganya. Kwa hiyo akifika tu chukueni futi kamba mpimeni kichwa hadi kisigino, namba iandikwe kwenye mashine yake, na zamu inayofuata iikute.