Unahamia Dubai na watoto? Usiniulize jina la shule kwanza

Haya familia, mambo vipi, mama zangu na baba zangu mnaonitazama shikamooni. Niko ndani ya gari na AC inavuma, mkisikia kelele ndo hiyo na siizimi, huu ni mwezi wa nane na hii ni Dubai, wanaojua wanajua.

Sasa jamani. Tangu mwezi wa sita inbox yangu ina meseji moja tu inajirudia, "dada mume wangu kapata kazi huko tunakuja wote na watoto, tutajie shule nzuri ya British." Wengine hata salamu hamna, jina la shule tu. Sitaji. Sio roho mbaya mwaya, ila hapa shule za mtaala wa Uingereza ndo nyingi kuliko za mtaala mwingine wowote, zipo za zamani kama Dubai English Speaking School ya mwaka 1963, yaani imeizidi umri nchi yenyewe maana Emirates imeundwa 1971, ipo Jumeirah English Speaking School, ipo Dubai College ya 1978, hizo hazifanyi biashara ya faida na foleni ya kuingia we acha tu. Halafu kuna makampuni makubwa kama GEMS, ana shule za kila bei, na huyo huyo GEMS mwaka 2025 kafungua moja pale Sports City ada inaanzia dirham 116,000 inaenda mpaka 206,000. Kwa mwaka. Mtoto mmoja. Dirham imefungwa kwenye dola, dola moja ni dirham 3.67, wengine pigeni hesabu mimi siitaki. Na kwa upande wa pili zipo shule ada yake haifiki dirham 20,000, na zote hizi ukipita getini bango linasema British curriculum.

Kwa hiyo mtu akikwambia "mtoto wangu anasoma British" hajakwambia kitu bado.

Mimi nikikaa na familia inayokuja, swali langu la kwanza ni huyu mtoto atamalizia wapi? Wanacheka. Mtoto ana miaka minne unamuulizia kumaliza? Ndio. Kwa sababu huu mtaala ni ngazi moja ndefu, unaanza FS1, yaani chekechea, mtoto ana miaka mitatu, FS2, Year 1 mpaka Year 9, halafu Year 10 na 11 ndo IGCSE, kama form four yetu, Year 12 na 13 A-Level, kama form six. Baba ana mkataba wa miaka miwili. Ukimleta mtoto yuko Year 9 maana yake mkataba unaisha katikati ya IGCSE, na IGCSE ni kozi ya miaka miwili, leo anasoma Cambridge kesho mkihamia shule nyingine wanafanya Edexcel, hizo ni bodi mbili za mitihani, vitabu tofauti, mada zimepangwa tofauti, na shule nyingi mtoto wa Year 11 anayekuja katikati hawamtaki kabisa kwa sababu atawaharibia matokeo. Mtoto wa Year 3 hana shida hiyo, anahama anarudi anazoea. Huyo mkubwa ndo wa kukaa chini na kufikiria, wakati mwingine bora amalizie form four nyumbani kwa bibi yake ndo aje. Najua hampendi kusikia.

Na kama ndoto ni chuo Uingereza sikilizeni vizuri hapa. Kusoma British Dubai hakumpi mtoto ada ya Mwingereza. Vyuo vya kule vinaangalia mlikuwa mnaishi wapi na hadhi yenu ya ukazi, A-Level zake zitamfungulia mlango ila atalipa kama mgeni yeyote. Hapa hapa Dubai kuna matawi ya vyuo vya Uingereza, Birmingham wapo, Heriot-Watt wapo, Middlesex wapo. Akitaka kurudi Bongo, NECTA, baraza letu la mitihani, wanafanya ulinganisho wa vyeti vya nje, kwa hiyo njia ipo, sio kwamba umemtupa.

Tukishajua mwisho ndo tunarudi kwenye hela. Baba kabla hajasaini, tafadhali, aulize posho ya elimu. Kampuni nyingi siku hizi zinampa mtu mshahara wa jumla, nyumba humo, shule humo, nauli humo, kwenye barua unaonekana mshahara mnono, ukifika unayeyuka. Wakisema posho ipo, uliza ni ya watoto wangapi na ina kikomo gani, halafu uliza hili ambalo watu wanalisahau, wanailipa shule moja kwa moja au unalipa wewe kwanza wakurudishie baadaye? Maana shule inataka hela ya term mwezi wa nane, siku zile zile mwenye nyumba anataka cheki zake za kodi na wewe ndo kwanza una wiki mbili mjini.

Karatasi ya ada isomeni mpaka chini. Kuna mamlaka inaitwa KHDA, ndo wanaosimamia shule binafsi Dubai, na kila shule ina karatasi yake ya ada kwao, unaipata mtandaoni bure. Watu wanaangalia mstari wa FS1 wanasema aah tunamudu. Shuka chini mama. Year 7 ni bei nyingine, Year 12 ni nyingine kabisa, kuna shule ukifika juu ni karibu mara mbili ya ulipoanzia. Juu ya hapo kila mwaka KHDA wanatoa kiwango cha kupandisha, mwaka wa masomo 2024-25 ilikuwa asilimia 2.6, 2025-26 ikawa 2.35, kwa hiyo shule haiwezi kuamka tu ikapandisha inavyotaka, ila kupanda inapanda. Na bado hujaweka basi la shule, yunifomu ya duka moja tu mjini, tablet, ada za mitihani za Cambridge ambazo ziko pembeni, safari za kambi. Fomu ya maombi mwisho dirham 500. Kushika nafasi kwa mtoto mpya wanaruhusiwa mpaka asilimia 10 ya ada, na hiyo inakatwa kwenye ada yako, haipotei mkiingia. Mtu akikutajia vitu vya ajabu mwambie nionyeshe kwenye karatasi ya KHDA, utaona anavyonyamaza.

Watoto watatu wa miaka tofauti, fanyeni jedwali, hata kwenye daftari la jikoni. Kila mtoto, kila mwaka, mpaka Year 13. Kuna baba mmoja nilimfanyishia hivyo akaniambia dada naomba maji.

Haya, umri. Hapa mtoto mdogo anayeingia FS1 mpaka Year 2 anawekwa darasa kwa tarehe ya kuzaliwa, sio kwa alipofika huko. Zamani mstari ulikuwa tarehe 31 Agosti, kuanzia mwaka wa masomo 2026-27 umesogezwa hadi 31 Desemba, kwa hiyo zile chati za zamani mnazotumiana WhatsApp zifuteni. Mtoto wa miaka sita ambaye kwetu ndo anaanza darasa la kwanza, huku anakaa Year 2, na wenzake wameanza kuunganisha herufi tangu FS2. Hajarushwa, ndo umri wake. Ila kama anatoka kayumba Kiingereza hajakizoea, shule ikikubali kumchukua itamweka kwenye masomo ya ziada ya lugha, na kuna shule hayo masomo ni bill tofauti. Kuna mtihani shule nyingi zinawapa unaitwa CAT4, msiwakaririshe watoto usiku kucha, una sehemu nne na mbili kati ya hizo ni maumbo na michoro, hapo hata asiyejua Kiingereza vizuri anaonyesha akili yake. Mwacheni alale.

Sasa tour. Ah, hii naipenda.

Nilimsindikiza shoga yangu wa Tanga kwenda kuangalia shule, sitaitaja. Dada wa mapokezi ananukia oud, viatu vinalia koo koo koo kwenye marumaru, anatuonyesha bwawa la kuogelea, ukumbi wa maigizo, chumba cha maroboti, sisi tunaitikia tu waoo. Shoga yangu akasimama akasema samahani, naomba nione choo cha watoto wa Year 3. Yule dada kasita, kasema choo kiko sawa kama vingine, mwenzangu kasimama pale pale na mkoba wake kwapani. Tukaenda. Kisafi, sabuni ipo, karatasi ipo, na mpira wa maji wa kujisafishia upo, ila umetundikwa juu huko usawa wa bega langu mimi. Mtoto wa miaka saba wa Kiislamu anaufikiaje? Siku nzima kajibana mpaka nyumbani. Yule dada mwenyewe alikuwa hajawahi kuliona hilo, akaandika kwenye simu yake. Kwenye kutoka tukapita darasani, kazi za watoto zimebandikwa ukutani nzuri kweli, ishirini na kitu, na zote zinafanana, sentensi zile zile, hadi koma zimekaa pale pale. Shoga yangu kaniangalia, mimi nikaangalia dari.

Hakupeleka watoto pale. Na lile bango nje limeandikwa ilikaguliwa ikapata Outstanding.

Hayo mabango mjue yanavyofanya kazi. Wakaguzi wa KHDA wanazipanga shule, ya juu kabisa ni Outstanding, inafuata nzuri sana, nzuri, inayokubalika, dhaifu, na dhaifu sana. Ila angalia MWAKA. Ule ukaguzi kamili kwa shule zilizokwishakaguliwa ulisimamishwa mwaka 2024-25, kwa hiyo bango linaweza kuwa linamsifia mkuu wa shule ambaye alisharudi kwao Manchester siku nyingi. Mimi naifungua ripoti yenyewe, ukurasa wa mwanzoni pale kwenye jedwali, natafuta asilimia ya walimu walioondoka. Walimu wengi huku wanakuja kwa mikataba mifupi na sio kosa lao, lakini shule ambayo kila mwaka robo ya walimu wapya, mtoto wako ndo atakuwa anajitambulisha upya kila Agosti. Na zile sifa nyingine kama BSO, huo ni ukaguzi wa shule za mtaala wa Uingereza zilizo nje ya Uingereza unaotambuliwa na wizara ya elimu ya Uingereza kwenyewe, ukiukuta ni jambo zuri, usipoukuta usikimbie.

Mtaa nao. Msipange nyumba kabla ya shule, wala shule kabla ya nyumba, fanyeni wiki moja. Mtu anachukua nyumba International City kwa sababu kodi nafuu, mtoto anasoma Al Barsha, mbali huko, basi linampitia giza bado, anarudi kalala kwenye kiti mdomo wazi. Na wanaosema tutakaa Sharjah, emirate ya jirani, nafuu tusomeshe huko huko, sawa, ila Sharjah mamlaka yao ni nyingine inaitwa SPEA na wikendi yao ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na baba kazini kwake Dubai Ijumaa yupo. Jipangeni.

Lugha. Kiarabu ni lazima hata kwa sisi wageni mpaka Year 10, na mtoto wa Kiislamu ana somo la dini mpaka anamaliza, hilo kwa wengi wetu ni faida jamani, madrasa ndani ya ada. Kiswahili hakuna. Usitegemee. Ila watu hawajui kwamba Cambridge wana mtihani wa IGCSE wa Kiswahili, kwa hiyo muulize mratibu wa mitihani wa shule mapema, Year 9 hivi, kama wanaweza kumsajili mtoto hata kama hawafundishi, wewe ukamfundisha nyumbani. Anapata somo zima, na bibi akipiga simu hajibiwi "yeah".

Mwisho, na hili mlifanye mkiwa bado huko, sio mkishafika. Karatasi ya uhamisho kutoka shule anayosoma sasa hivi. Iwe ya Kiingereza, ina muhuri, imeandikwa darasa alilomaliza na tarehe, halafu inapitishwa wizara ya elimu, inapitishwa mambo ya nje, inapitishwa ubalozi wa Emirates. Watoto wanaotoka Uingereza au Marekani hawazungushwi hivi, sisi tunazungushwa, ndo ilivyo. Majina yafanane na pasipoti herufi kwa herufi, ukiandika Mohamed kwenye cheti na Mohammed kwenye pasipoti utanikumbuka. Na kama mna deni la ada kwenye shule ya huko lipeni sasa hivi, maana wakiizuia hiyo karatasi mtoto atakaa nyumbani anatazama katuni wakati wenzake wanasoma.

Nitumieni umri wa mtoto, darasa alipo na mtaa wa ofisi ya baba, sio jina la shule, nitawajibu mmoja mmoja nikiwa kwenye foleni ya Al Khail Road, huko muda ninao wa kutosha. Haya bai.