Koti la Baba
(Mazungumzo na wazazi, Uyole, Mbeya)

Wazazi wangu, shikamooni kwa wakubwa. Akina baba naomba msogee mbele, maana kliniki siwaoni.

Naanza na koti. Mwezi wa sita, na baridi yetu mnaijua, mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi saba. Mara ya tatu ndani ya wiki sita. Kifua kinakoroma, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Nikauliza, nyumbani nani anavuta sigara? "Baba yake, lakini anavutia nje." Mtoto kafunikwa koti la baba. Nikalinusa: sigara tupu, kola mpaka bitana. Na pua ya mtoto ilizama humo njia nzima.

Baba hakudanganya, anavutia nje kweli. Lakini akimaliza anaingia, anambeba. Na usiku wa baridi hiyo "nje" ni kizingitini. Dirisha limefungwa, moshi unarudi ndani, mnalala nao. Wewe unapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Mtoto mchanga 30 mpaka 60, na njia zake za hewa bado nyembamba.

Mtaniambia wazee walivuta kiko na sisi tumekua. Tuliokua ndio tunaosema. Wadogo zenu waliozikwa, mkaambiwa ni kichomi, watasemea wapi? Mwingine atasema moshi wa kuni ndio mbaya. Ni mbaya, sibishi. Basi usimwongezee wa pili.

Na msiniambie matibabu ya chini ya miaka mitano ni bure. Yule mama kapanda bodaboda mara tatu, kaacha viazi shambani, mara ya mwisho mtoto kalazwa siku nne na yeye kakesha kwenye kiti. Baba hakuijua foleni hata siku moja. Angeijua, ningekuwa naongea mengine leo.

Masikio yanayotoa usaha, pumu, mama mjamzito anayevutiwa moshi: muda umeniishia, na yote yanatoka kwenye sigara ile ile. Sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kuvuta sehemu za umma; chumbani kwako hakuna askari.

Hili mlishike kabla hamjatoka. Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au mbavu zikibonyea, mpelekeni usiku huo huo. Baba ndiye ambebe, koti aliache nyumbani.