Mwanafunzi Apewe Mwaka Mzima Kiwandani

Mheshimiwa mwenyekiti, wahadhiri wetu, wazazi mliotoka Bugembe, Iganga hadi Busia, na ninyi wanafunzi. Wengine mmeshanisikia nikiyasema haya, na nitayasema mpaka yatendeke: wiki nane au kumi za mafunzo kazini hazitoshi kumtengeneza mhandisi. Mwanafunzi apewe mwaka mzima.

Utaratibu wetu mnaujua. Mwezi wa sita barua zinatoka, mwezi wa nane daftari linagongwa muhuri, basi. Mimi niliomba kuahirisha mwaka wangu wa mwisho, nikaingia katika kiwanda kikubwa cha sukari huku huku mashariki mwa Uganda. Niliona mengi, ila leo nitaeleza moja.

Tuliingia kundi zima mwezi wa sita. Jua linawaka, njia za mashambani kavu, miwa inafika safi. Vinu vinakamua, makapi ya miwa yanakwenda kuchomwa kwenye boila linalochemsha maji, mvuke unazungusha turbini, umeme unapatikana, kiwanda kinajiendesha. Kama tulivyochorewa darasani. Jambo moja halikuwamo kwenye mchoro. Fundi wa boila, mzee mmoja kutoka Arua, kila siku aliwahimiza vibarua wapeleke sehemu ya makapi makavu kwenye banda kubwa, wayashindilie, wayafunike turubai. Nikamwuliza, "Mzee, haya ya nini, na moto upo wa kutosha?" Akaniambia, "Ngoja mvua, kijana." Wenzangu wakaandika kwenye madaftari yao kwamba kiwanda kimeshindwa kuondoa takataka. Mwezi wa nane wakagongewa muhuri, wakaenda zao. Mimi nikabaki.

Mvua za Novemba zikaja. Malori yanakwama, matrekta yanayavuta. Na muwa ukishakatwa haungoji: usipokamuliwa ndani ya siku moja au mbili, sukari yake inazidi kupungua. Kwa hiyo miwa inaletwa hivyo hivyo, na tope lake na maji yake. Usiku mmoja presha ya mvuke ikaanza kushuka. Hapa sikilizeni vizuri, wanafunzi wa mitambo. Makapi yamelowa, kwa hiyo moto umepungua. Moto ukipungua, mvuke unapungua. Mvuke ukipungua, vinu vinalegea, havikamui sawasawa. Na vinu visipokamua sawasawa, makapi yanatoka na maji mengi zaidi, na ndiyo hayo hayo yanarudi kwenye boila! Kiwanda kinajizima chenyewe, taratibu, mbele ya macho yenu.

Msimamizi wa zamu akataka miwa iongezwe, ili tufidie muda uliopotea. Mzee akakataa. Akaagiza miwa ipunguzwe, vinu vipate nafasi ya kukamua vizuri, halafu akasema: fungueni banda. Tukabeba yale makapi ya mwezi wa sita, tukayalisha boila usiku kucha. Kulipopambazuka presha ilikuwa imerudi mahali pake.

Wenzangu waliliona lile banda. Walilipita kila siku. Hawakujua lilikuwa linangoja nini, kwa sababu linalofanyika Juni kiwandani sababu yake iko Novemba, na Novemba wao walikuwa darasani. Muhula wetu wa mafunzo unaangukia wakati wa kiangazi, kila mwaka. Tunatoa wahandisi ambao hawajaona kiwanda kikinyeshewa!

Najua mhadhiri mmoja anasema moyoni: hayo ningeyafundisha kwa nusu saa. Ndiyo, hata mimi nimeyaeleza kwa dakika chache. Lakini kujua kwamba makapi yaliyolowa hayawaki vizuri ni jambo moja. Kujua ni kipimo kipi kitaanza kushuka, nani aamshwe, na jinsi ya kumwambia msimamizi wako hapana saa nane za usiku, hilo ni jambo jingine. Halafu kuna kuaminiwa. Hakuna fundi mwenye akili atakayemkabidhi vali ya mvuke mtu anayeondoka mwezi ujao. Atakupa ufagio, na yuko sahihi. Mimi nilianza kupangiwa zamu pale tu walipoona kwamba siendi popote.

Mwingine anasema huu ni utaratibu wa Wazungu. Kweli, Uingereza wapo wanafunzi wanaokaa kazini mwaka mzima kabla ya mwaka wa mwisho, na Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada kimekuwa kikipokezanisha masomo na kazi tangu 1957. Lakini kiwanda cha Lugazi, hapa hapa Uganda, kilianza kutengeneza sukari 1924! Mafundi wetu wote wa zamani walijifunza kwa kukaa miaka ubavuni mwa waliowatangulia. Tuliofupisha ni sisi.

Na mama anayehofia mwanawe atachelewa kuhitimu: mama, hesabu pia muda anaokaa nyumbani na shahada yake, akisoma matangazo ya kazi yanayotaka uzoefu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo malipo nitayagusa tu. Kima cha chini cha mshahara nchini kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais hakuuidhinisha. Ikiwa mfanyakazi wa kudumu yuko hapo, mwanafunzi yuko wapi? Kule kiwandani nilipewa chakula cha mchana, nauli sikupewa. Mtoto wa maskini hawezi mwaka wa namna hiyo, na mpango usiomlipa utakuwa wa watoto wa wenye nacho. Tena akiungua kwa mvuke, hospitali analipa nani? Barua ya chuo iseme. Zamu za usiku kwa wasichana, usafiri wao na usalama wao, hilo linahitaji siku yake.

Ninachoomba si sheria mpya. Idara ichague wanafunzi wachache mwaka ujao wa masomo, iandikiane na viwanda vya hapa Jinja, na barua itaje posho, matibabu, na fundi gani atawajibika kwa kila mwanafunzi. Mkuu wa idara ninamwona mstari wa mbele. Mheshimiwa, naomba utujibu leo, kabla hatujatoka humu.