Nyumba ya Nguzo 116 Kule Lampang: Jibu Langu kwa Mnaoniuliza

Habari za nyumbani, ndugu zangu. Tangu niweke picha za nyumba ya kale ya Lampang, mji wa kaskazini mwa Thailand, swali ni lile lile: "Dada, ulikwenda Thailand kutafuta maisha au kutalii majumba ya kale?" Wengine wameongeza kwamba najionyesha. Naomba nijibu kwa utulivu, kwa sababu safari ile ilinigusa sana na sipendi ihesabiwe kuwa anasa.

Kutoka Chiang Mai, ninakofundisha, nilipanda treni ya daraja la tatu, na mlangoni mwa nyumba hiyo nikalipa baht 50, fedha ya Thailand, ambazo kwa fedha yetu ya Tanzania hazifiki shilingi 5,000. Fedha inayoniumiza ni ya makaratasi. Mgeni anayekaa hapa muda mrefu lazima aripoti anwani yake kila siku 90. Kuongeza muda wa kukaa ni baht 1,900, na ukitaka kutoka nchini, hata kama umefiwa, bila kupoteza kibali chako, unalipa baht 1,000 nyingine kabla ya kuondoka. Mwenye nyumba wangu wa zamani alikataa kupeleka taarifa kwamba naishi kwake, ingawa sheria inamtaka yeye ndiye aipeleke, nami nikapoteza mshahara wa siku tatu nikihangaikia kosa lisilo langu. Sisemi haya ili mnionee huruma. Nataka mjue kwamba Lampang ndiko nilikopumua baada ya hayo yote.

Nyumba hiyo huitwa Baan Sao Nak, yaani nyumba ya nguzo nyingi kwa lugha ya kaskazini. Ilijengwa mwaka 1895 na mfanyabiashara wa mbao kutoka Burma, enzi ambazo kampuni za Waingereza zilikuwa zikivuna misitu ya kaskazini mwa Thailand na kuwategemea Waburma walioijua kazi. Nguzo zake ni 116, zote za mtiki. Ghorofani kuna samani na vyombo vya ukoo, vizuri kweli, lakini mimi nilikawia zaidi chini ya sakafu, katikati ya nguzo. Nilipapasa moja kwa kiganja: imekuwa nyeusi, ina nyufa ndefu za wima, na sikuona hata tundu moja la mchwa.

Mtiki mbichi huzama majini. Kwa hiyo wakataji walikuwa wakimenya gome kuuzunguka mti mzima, wakauacha ufe ukiwa umesimama na kukauka kwa miaka kama miwili, ndipo wauangushe. Tembo waliburuta magogo hadi mitoni, na mafuriko ya msimu wa mvua yakayapeleka kusini, hadi Bangkok. Ukiyajua hayo, kila nguzo unaiona kama mti uliosubiriwa. Misitu yenyewe ilikwisha kiasi kwamba mwaka 1989, baada ya mafuriko yaliyoua watu wengi kusini mwa nchi mwaka uliotangulia, serikali ilipiga marufuku uvunaji katika misitu ya asili.

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga, nimekua nikiiona mitiki ya shamba la miti la Longuza, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Nyumba ya babu ilipobomolewa, mlango wake na fremu zake za mtiki viliuzwa kwa mtu aliyekuja na fedha taslimu, wakati mimi nikiomba nisubiriwe hadi mwisho wa mwezi. Nikaambiwa aliye ughaibuni hana sauti. Kule Lampang, wa ukoo ule waliendelea kuishi katika nyumba yao na kuitengeneza, ndiyo maana leo mgeni kama mimi anaweza kuigusa.

Simshauri mtu aje kwa sababu nimekuja mimi. Kila mtu anaujua mfuko wake, na yaliyonifaa mimi huenda yasikufae wewe.

Shangazi, kama unatazama: lile komeo la mlango wa babu uliloniambia umelificha chini ya kitanda, nakuomba usimpe mtu. Nitakuja kulichukua mwenyewe mwezi wa 12, kibali changu kikiwa tayari.